Nyumba ya kuuzisha, toka Shasha mpaka Goma: mnunuzi anaangalia nini, na ilianza lini

Goma, kuanzia Birere mpaka Mugunga, hutatembea sana kabla ya kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi: parseli hii haiuzishwi. Mgeni hushangaa. Kwao mtu anaandika pale anapotaka kuuzisha. Hapa kwetu anaandika pale asipotaka, ili mtoto wake, shemeji yake ao komisionere asiyemfahamu asiiuzishe yeye akiwa safarini ao kambini. Maandishi hayo yana historia, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Shasha, Bweremana na Sake mtu anayetaka bei nzuri ya nyumba yake haanzi kwa kununua rangi.

Swali linaloletwa sana kwetu sisi wa radio ni la familia zilizorudi toka kambi za kando ya Goma. Nyumba imebaki bila milango, pengine bila manjanja. Watoto wanatakiwa kurudi masomoni, shamba limekuwa pori. Wanauliza: tutengeneze kwanza ndipo tuuzishe, ao tuuzishe vile ilivyo? Kabla ya kujibu, inafaa kujua ni kitu gani hasa kinachouzishwa. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Wazee wa Bahunde hawakuuzisha udongo. Ulikuwa chini ya mwami, ukigawanywa na wakubwa wake, na familia iliyopewa mahali pa kulima na kujenga ilitoa mutulo: mbuzi, pombe, sehemu ya mavuno. Nyumba ilikuwa ya miti, matete na majani. Mama wa nyumba aliisiriba kwa udongo, na pale alipopata udongo mweupe aliupaka ukutani ili nyumba ing'ae. Kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya wakwe na wageni. Hakuna aliyefikiria mnunuzi. Familia ikihama, nyumba iliachwa ioze, na mahali pale pakarudi kwa yule aliyepatoa.

Kisha wakaja wenye karatasi. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold II iliamua kwamba udongo usio na mtu ni mali ya serikali. Udongo usio na mtu, kwa macho yao, ulikuwa pia malisho, pori la kuwinda na shamba lililopumzishwa. Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, ambalo lilipewa madaraka ya kugawa sehemu kubwa za Kivu kwa wazungu wa mashamba ya kahawa, pareto na kinini. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Wabelgiji ukaleta Masisi makumi ya elfu ya watu toka Rwanda, wengine kwa ajili ya kazi katika mashamba hayo, na Gishari ndiyo ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza walizopewa. Mimi siandiki haya ili kufungua tena mabishano ya nani alifika kwanza; tumeyalipia vya kutosha. Nayaandika kwa sababu moja tu: toka wakati huo, udongo uleule wa Masisi ulikuwa na majibu mawili. Mwami alikuwa na neno lake, na karatasi ya serikali ilikuwa na neno lingine.

Sheria iliyokuja kumaliza mambo ndiyo iliyoyafunga zaidi. Sheria ya udongo namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, wakati wa Mobutu, inasema udongo wa inchi ni mali ya serikali peke yake, na hauuzishwi milele. Raia anapewa ruhusa ya kuutumia. Ruhusa hiyo inathibitishwa kisheria na cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na mtunzaji wa vyeti vya udongo, si na karatasi nyingine. Kuhusu udongo ambao wakaaji wa vijiji wanautumia kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya rais itakayoeleza haki zao. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila amri hiyo kutoka. Hiyo inagusa karibu kila nyumba ya Shasha.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu msomaji, maana hapa ndipo kiini kilipo. Kama udongo ni wa serikali na hauuzishwi, basi watu wanaposema wameuzisha parseli, wameuzisha nini? Wameuzisha kile kilichosimama juu yake: nyumba, migomba, miti, na pamoja nayo ile haki ya kukaa pale. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 nyumba huku kwetu si mahali pa kulala tu. Ni ushahidi. Sheria inataka mtu aliyepewa sehemu aiendeleze, na ambaye hakujenga anaweza kuipoteza. Ukiona kibanda cha mbao cha chumba kimoja katikati ya parseli kubwa, na ndani analala mlinzi ao mjane wa familia, usidhani mwenyewe ameishiwa na pesa. Ameweka alama kwamba hapa pana mtu. Kibanda hicho kibaya cha kutazama kimeongeza bei ya mahali pale kuliko bustani ya maua.

Mbao zenyewe zina habari yao. Mikaratusi iliyopandwa kwenye vilima vya Masisi, na mbao nyekundu za libuyu toka mapori ya Walikale, zimekuwa zikiteremka Sake kwa magari na kuingia Goma kwa miaka mingi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, moto wake ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika Birere na sehemu ya kiwanja cha ndege. Watu walirudi mawe yakiwa bado moto na kuanza kutafuta parseli zao chini ya mawe hayo. Mipaka ilikuwa imepotea. Ua wa miyenzi ulikuwa umeungua, hata njia hazikuonekana. Aliyepata parseli yake ni yule ambaye majirani walikubali pamoja: ukuta wako ulikuwa hapa, wangu pale. Mwenye cheti bila jirani alisumbuka, mwenye jirani bila cheti akajenga. Naona siku zile ziliwafundisha watu wa Goma somo ambalo kadasta haikulifundisha.

Walijenga kwa mbao, kwa kuwa mbao ni nyepesi, inapatikana upesi, na nyumba ya mbao inaweza kubomolewa na kusimamishwa mahali pengine. Hata leo mtu anaweza kuuzisha nyumba ya mbao bila parseli: mnunuzi anaibeba ubao kwa ubao, misumari inanyooshwa, manjanja yanapigwa tena juu ya mlima mwingine. Kambini tuliona jambo hilohilo kwa namna ya kuumiza, pale makopo ya mafuta ya msaada yalipopasuliwa na kunyooshwa yakawa mlango.

Kupendezesha nyumba ya namna hii kuna ufundi wake, na mafundi wetu wanaufahamu. Nje mbao zinapakwa mafuta ya gari yaliyokwisha kutumika, ili mchwa na mvua zisizile; nyumba inakuwa nyeusi, lakini inadumu. Ndani wanapiga tripleksi kwenye dari, wanamwaga simenti chini. Mnunuzi wa Goma anakwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kutazama shimo la choo, kwa sababu kuchimba mita chache ndani ya mawe ya volkano ni kazi ya nyundo na siku nyingi, na shimo lililokwisha kuchimbwa ni pesa. Halafu anatazama juu: je, kuna mfereji wa manjanja unaoleta maji ya mvua kwenye tanki? Mji umekaa kando ya ziwa, na bado familia nyingi zinanunua maji kwa kidumu. Huku Shasha udongo ni laini na shimo halimtishi mtu. Anayenunua huku anataka kujua maji ya mlima yanapita wapi mvua ikinyesha, na kutoka hapa mpaka barabarani ni hatua ngapi. Rangi safi sana inamtia wasiwasi. Anajiuliza inaficha ufa gani.

Nyiragongo ilipasuka tena tarehe 22 Mei 2021, ikameza nyumba maelfu upande wa Buhene na Kibati, na siku chache baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Watu wakaja Sake na mpaka huku kandokando ya ziwa, wakalala makanisani na masomoni. Kila msiba wa namna hiyo unaleta wanunuzi na wauzishaji kwa wakati mmoja, na katikati yao anasimama komisionere.

Sitaki kuwatukana makomisionere. Wengine ni ndugu zetu na wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Lakini kazi yao ilikua katika nafasi iliyoachwa na yale majibu mawili. Shefu wa avenyu anatia sahihi, shefu wa lokalite anatia muhuri, mtu wa kadasta anatoa fishi ya parseli, na kila mmoja anapokea kitu. Karatasi tatu zinaweza kuonyesha majina matatu juu ya parseli moja. Ndiyo sababu watu walianza kuandika kwenye kuta.

Vita viliongeza lingine. Tangu mapigano yaliyoanzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993, Masisi haijapata kizazi ambacho hakijakimbia. Kila kukimbia kunaacha nyumba tupu, na nyumba tupu ina watu wake: anayeingia kujihifadhi, anayengoa manjanja, na yule anayekuja kuiuzisha. Vita vilipofika Shasha mwezi wa Februari 2024, barabara ya kwenda Minova na Bukavu ilikatika, na wengi wenu mlitoka na godoro na sufuria tu. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2025, kambi za kando ya Goma zikavunjwa na mkaambiwa mrudi. Wengine walikuta mtu ndani, na mtu huyo ana karatasi.

Juu ya hilo sheria haina maneno mawili. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani kuliko babu zetu na bado inatumika, inasema kuuzisha kitu cha mwingine ni bure. Inasema pia kwamba kibali kilichotolewa kwa nguvu ao kwa udanganyifu si kibali. Aliyetia sahihi akiwa ameelekezewa bunduki hajauzisha. Ila aliyetia sahihi kwa sababu watoto wamelala njaa siku mbili, sheria hiyo haimtaji, na mnunuzi mwenye akili mbaya anajua hivyo. Anakuja na dolari mkononi, siku ambapo wewe huna unga. Kwa maoni yangu nyumba nyingi za Masisi zimepotea kwa njia hiyo kuliko kwa bunduki.

Kwa hiyo, familia inayouliza itengeneze ao isitengeneze, historia hii yote inaijibu kwa namna moja. Kama pesa ni kidogo, isiende kwenye rangi. Rudisha kwanza manjanja na mlango, hata mlango wa mbao mbovu, na mtu wa familia alale ndani. Panda upya miyenzi ya mpaka, siyo peke yako bali majirani wa pande zote nne wakiwepo, na kasiksi ya kuwanywesha iwepo. Jirani aliyekunywa siku ile atakumbuka mahali mti wa kwanza ulipochimbiwa. Andikeni majina yao na tarehe. Kama shefu aliyekupa zamani bado anaishi, ao mtoto wake, mpate kabla ya komisionere kumpata. Mnunuzi wa kweli atakuja akikuta nyumba ina mtu, mpaka unajulikana, na jirani anasema jina lako bila kusitasita. Huyo ataongeza bei mwenyewe. Anayeharakisha na kukataa kuongea na majirani, mwache apite.

Na akina mama wanaonipigia simu toka kwa ndugu zao Goma, Minova ao Nyakivale huko Uganda, wakisema bwana anataka kuuzisha nao hawajaulizwa: sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka bibi na bwana wakubaliane kabla ya nyumba yao kuuzishwa. Mnunuzi anapaswa kuona sahihi mbili. Kama hauko karibu, tuma mtu wa kwenu mwenye kuaminika kwa shefu wa lokalite na kwa majirani, awaambie kwamba haujakubali, na aandike ukutani.