Asili ya Dhahabu ya Geita

Wajerumani waliitambua dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa wakati wa ukoloni ulichimbwa tangu 1936 hata 1966, na mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Hapo ndipo masimulizi mengi yaanziapo na yakomeapo. Lakini miamba ya ukanda ule, ufikao hata Shinyanga, ina umri upatao miaka milioni 2,700, na dhahabu iliyomo ni kongwe kuliko miamba, naam, kuliko dunia yenyewe. Jua haliwezi kuifanya: moto wake hugeuza haidrojeni kuwa heliamu tu, na nyota zilizo kubwa mno hazivuki chuma katika kuwaka kwao. Basi dhahabu ilitoka wapi?

Jibu lilipatikana kwa njia ambayo mchimbaji asingeidhania. Mwaka 1916 Albert Einstein alibashiri kwamba vitu vizito vikizungukana huitikisa nafasi kwa mawimbi. Takriban karne ikapita. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, yenye mikono ya kilometa 4 ambamo miali ya leza huenda na kurudi baina ya vioo, ilinasa wimbi la mashimo meusi mawili yaliyoungana. Ajabu kubwa, ila mashimo yale hayakuonyesha nuru wala dhahabu.

Tarehe 17 Agosti 2017, Geita ikiwa saa tisa na dakika 41 alasiri, liliwasili wimbi la nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Lilipenya machimbo na wachimbaji, wala hapana aliyehisi. Mtambo wa Virgo wa Italia ulisaidia kuonyesha upande lilikotoka. Baada ya saa chache darubini za Chile ziliona nuru mpya, na ile ya Sutherland, Afrika Kusini, ikaichunguza. Nuru hiyo ilififia kutoka buluu hata nyekundu, kama ilivyotarajiwa pale ambapo madini mazito yanazaliwa.

Kama migongano hiyo yatosha kueleza dhahabu yote, wataalamu wangali wakibishana. Wengine huzitaja nyota za sumaku kali. Hata hivyo dhahabu ya mgongano ule wa 2017 haitafika Geita. Iliyopo ilitawanywa kabla ya Jua, zaidi ya miaka milioni 4,500 iliyopita, na kama ni nyota zilizogongana zilizoizaa, wimbi lao lilikwisha kupita pasipo sikio la kulisikia.