Ufundi wa Kunyoosha Magurudumu ya Spoku Usukumani

Gurudumu la spoku linalonyooshwa na mafundi wa Samuye na vijiji vingine vya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, lina asili ya Uingereza. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry alipata hataza ya spoku zinazotoka kitovuni kwa mshazari, mpangilio unaohimili vizuri nguvu ya pedali. Katika mji huohuo, kampuni ya baiskeli ya Rudge-Whitworth ilitengeneza pia magurudumu ya spoku ya magari mwanzoni mwa karne ya 20.

Usukumani baiskeli ilienea kwa fedha za pamba. Raleigh ya Uingereza ilitangulia, Phoenix ya China ikafuata. Zilibeba magunia, madumu ya maji na familia nzima, ringi zikapinda, na mafundi wakapata kazi chini ya miti.

Baiskeli hupinduliwa ikakalia tandiko na usukani. Fundi huzungusha gurudumu akiweka kidole gumba karibu na ringi ili aone inapoyumba. Ikilalia kushoto, hulegeza spoku za kushoto na kukaza za kulia, robo mzunguko kwa mara moja. Ikitokeza nje, hukaza za pande zote mbili. Haraka ndiyo inayoharibu kazi hii, kwani spoku iliyokazwa kupita kiasi hukatika njiani. Fundi hodari huzigonga akisikiliza: iliyolegea hutoa mlio mzito.

Bodaboda zimepunguza abiria wa baiskeli, lakini pikipiki nyingi nazo zina spoku, na magurudumu yake hunyooshwa kwa ujuzi uleule.