Adobo: Nguruwe na wali kwa mapishi ya Ufilipino

ADOBO ni pishi la nyama iliyochemshwa taratibu katika siki, kitunguu saumu, pilipili manga na mchuzi wa soya hadi ikalainika. Nchini Ufilipino huliwa kwa wali mweupe, na kwa Kitagalogi chochote kinachosindikiza wali huitwa 'ulam', yaani kitoweo.

Asili yake

Jina ni la Kihispania, lakini upishi ni wa wenyeji. Wahispania, walioanza kuitawala nchi hiyo mwaka 1565 hadi mwaka 1898, waliwakuta wakipika nyama kwa siki na chumvi, wakaliita pishi hilo adobo kwa kulifananisha na lao la kulowesha nyama. Mtawa Pedro de San Buenaventura aliliandika katika kamusi yake ya Kitagalogi iliyochapwa mwaka 1613. Mchuzi wa soya uliletwa na Wachina, na hadi leo ipo adobo nyeupe isiyotiwa soya.

Kazi ya siki

Katika nchi ya joto, kabla ya kuwapo majokofu, siki na chumvi vilichelewesha nyama kuoza. Wafilipino hutengeneza siki kwa tembo la mnazi, kwa utomvu wa mnipa na kwa miwa.

Hata hivyo, siki si badala ya moto. Nyama ya nguruwe yaweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo aina ya tegu, na kuilowesha usiku kucha hakuviangamizi. Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, ipike hadi iive ndani kabisa, wala usionje mchuzi kabla haujachemka vya kutosha.

Mahitaji (watu 5 hadi 6)

- Nyama ya nguruwe ya tumbo au bega, kilo 1
- Siki nyeupe, nusu kikombe
- Mchuzi wa soya, nusu kikombe
- Maji, kikombe 1 na nusu
- Kitunguu saumu, punje 8 zilizopondwa
- Pilipili manga nzima, kijiko 1 cha chai
- Majani makavu ya mlaureli, 3
- Mafuta, vijiko 2 vya chakula
- Mchele, nusu kilo

Namna ya kupika

1. Kata nyama vipande vya sentimita 4. Changanya na soya, kitunguu saumu na pilipili manga, uache kwa dakika 30 ndani ya jokofu.

2. Tumia chungu au sufuria ya chuma isiyoshika kutu. Alumini huathiriwa na siki na kuharibu ladha.

3. Chuja nyama, uikaange kwa mafuta hadi igeuke rangi. Rudisha viungo vyote, ongeza maji na majani.

4. Mimina siki, acha ichemke bila kufunika wala kukoroga kwa dakika 10. Wapishi wa huko hushika sana desturi hii, wakisema ukali mbichi wa siki huondoka na mvuke.

5. Punguza moto, funika, upike kwa dakika 45 hadi 60. Nyama ikishalainika, funua ili mchuzi upungue na kuwa mzito. Onja ndipo uongeze chumvi ikihitajika, kwa kuwa soya ina chumvi nyingi.

6. Pika wali bila chumvi, kwa sababu mchuzi unatosha kuukoleza.

Wasiokula nguruwe waweza kutumia kuku, ambaye huiva kwa dakika 40 hivi.

Kiporo

Adobo hukolea zaidi siku ya pili. Wali uliobaki huko hukaangwa asubuhi kwa kitunguu saumu, nao huitwa 'sinangag'. Lakini wali usilale mezani: vijidudu fulani hustahimili kuchemshwa, kisha huzaliana na kutoa sumu isiyoondolewa kwa kupashwa moto. Nyama na wali viwekwe kwenye jokofu kabla ya kupita saa 2 tangu kuepuliwa.