Kushoto kwa nani?

Juzi nimeumbuka maabara. Nilikuwa nachakata picha za MRI za mtu aliyekuwa akichezesha vidole vya mkono wa kulia, nikaona upande wa kulia wa ubongo umewaka. Nikashangilia! Mwalimu akauliza tu, "Mkono wa kulia unaongozwa na upande gani?" Kushoto. Kimyaa.

Basi nikachimba historia ya mkanganyiko huu. Jamani, si mimi wa kwanza.

Daktari wa radiolojia huitazama picha kana kwamba amesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, hivyo kulia kwa mgonjwa kunatokea kushoto kwa picha. Wataalamu wengi wa mishipa ya fahamu wanataka kushoto kubaki kushoto. Kwenye filamu waliandika herufi pembeni, mambo yakaisha. Zikaja kompyuta. Fomati ya Analyze, iliyotoka Mayo Clinic kule Marekani, ilikuwa na faili mbili: moja ya picha, nyingine ya maelezo yenye baiti 348. Nafasi ya kuandika mwelekeo ilikuwemo, ila programu nyingi hazikuijali. SPM2 ya London, mwaka 2003, ilikuachia mwenyewe uchague kwenye mipangilio kama picha igeuzwe au la. Maabara hii inageuza, ile haigeuzi, halafu wanapeana faili!

Sasa sikieni balaa lenyewe. Pua ikihamia kisogoni utaona hapohapo. Lakini nusu mbili za ubongo zinafanana mno. Programu inaupachika ubongo uliogeuzwa juu ya ule wa mfano, unakaa vizuri tu, wala hailalamiki. Ndiyo maana wengine hubandika kidonge cha vitamini E upande mmoja wa kichwa, kwa sababu kinang'aa kwenye picha. Na kwa watu wengi lugha iko kushoto. Hebu fikiria daktari wa upasuaji akiamini ramani iliyogeuka.

Ndipo ikaja NIfTI, miaka ileile ya mwanzoni mwa 2000. Ikabakiza baiti zilezile 348 ili programu za zamani zisigome, ila ikalazimisha namba zinazopanda ziende kulia kwa mgonjwa. Nikadhani yameisha. Wapi! Mwaka 2020 Daniel Glen na wenzake walikuta picha zilizogeuka ndani ya hazina kubwa za wazi ambazo dunia nzima inazitumia. Walizinasa kwa kulinganisha picha mbili za mtu yuleyule, moja wakiigeuza makusudi kuona ipi inakaa vizuri zaidi.

Faili langu? Analyze, la mwaka gani sijui. Kesho narudia kazi yote, na chai ya mwalimu nanunua mimi.