FRAIPANI YA STENLESI ILIANZIA KWENYE BUNDUKI!
Wadau, ile fraipani inayong'aa jikoni chanzo chake ni bunduki! Mwaka 1913 jamaa mmoja wa Sheffield, Uingereza, alikuwa anasaka chuma cha mitutu isiyolika haraka. Akachanganya na kromiamu, akapata chuma kisichoshika kutu. Mafundi visu wa mjini kwake wakamkejeli, eti visu vyake havikati. Leo nani anacheka?

Ila stenlesi ina kasoro moja, haisambazi moto vizuri. Yai linaungua katikati, pembeni bichi. Dawa yake ikaja kuwa kubana alumini katikati ya stenlesi, kama sandwichi. Kwa hiyo dukani inyanyue kwanza: iwe nzito, kitako kinene, mpini wa ribiti siyo skrubu. Mng'ao usikuzingue, hata ile nyepesi inayounguza mayai inang'aa.