Wali wa Rujewa: Uzee wa Watu wa Msafara

Fasihi yetu ya safari ina upungufu mmoja: haina wazee. Vijana imo tele. Wamo waliotoka Bagamoyo, Mbwamaji na Kilwa na majora ya merikani na kaniki, waliolipa hongo, waliopigana na waliokimbia. Lakini mtu akisharudi, akautua mzigo na kuanza kuota mvi, kalamu humwacha papo hapo mlangoni pake.

Mtazame Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip. Katika Maisha yake, aliyoyaandika kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, atueleza hata safari zake za ujanani, kabla hajawa mtu wa Manyema, alipopita Uhehe na Urori, jina ambalo watu wa pwani waliipa Usangu. Bei za pembe twazijua, deni zake twazijua, maadui wake twawajua kwa majina. Alirudi Unguja mwaka 1891, akafa mwaka 1905 katika Mji Mkongwe. Miaka kumi na minne hiyo alikaa. Ni muda mrefu kuliko safari yake yoyote, na hatujui kwa kinywa chake alikuwa akinywa kahawa na nani.

Hali ni hiyo hiyo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten uliochapwa Göttingen mwaka 1901, ambao sehemu yake Lyndon Harries aliirudisha kwa wasomaji mwaka 1965. Kwa kazi yangu ya kutafsiri nimeyarudia maandishi hayo mara nyingi, na kila mara hunishika jambo moja la sarufi. Lugha ya msafara ni lugha ya -ka-. Watu wakaondoka, wakalala, wakafika, wakaondoka tena. Kiambishi hicho hakina pumzi. Kazi yake ni kusukuma mguu mbele. Uzee hausimuliwi kwa -ka-. Mzee huamka, huswali, huota jua, huuliza khabari. Anayetaka kuuona uzee wa watu wale hana budi kuitafuta hu-, nayo haikuandikwa sana.

Mimi nimeitafuta mahali ambapo sisi watu wa visiwani hatupazoei: katika nyanda za juu za kusini, Iringa na Mbeya, kwenye baridi. Msomaji atauliza, kwa nini huko? Ni kwa sababu misafara haikurudi yote. Tumezoea kuichora njia ile kama kamba iliyofungwa pwani, mtu akienda mwisho wake akarudi mwanzo wake. Kumbe njiani palikuwa na watu waliokatika na kubaki.

Kwanza neno lenyewe. Kustaafu tumelipata katika Kiarabu, na shina lake ni lile la afu: kustaafu ni kuomba uachiliwe, usamehewe kazi. Kwa watu wa msafara ombi hilo lilijibiwa kwa nadra. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton, Speke na wengine, alijibiwa: Chama cha Kijiografia cha London kilimpa pensheni mwaka 1876, naye akaila hadi alipokufa mwaka 1885. Huyo ndiye mstaafu kamili, mwenye karatasi. James Chuma, Myao aliyeubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, hakujaaliwa. Mwaka 1879 aliuongoza msafara uliotoka Dar es Salaam chini ya Keith Johnston. Johnston akafa Behobeho mwezi wa Juni, na kijana Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, akashika uongozi kwa jina. Kwa vitendo ni Chuma aliyewapitisha watu Uhehe na Ubena hadi ncha ya kaskazini ya Nyasa. Mwaka 1882 alikwishakufa kwa kifua, hapa Unguja, wala hakuwa amefika arubaini. Wengi walikuwa hivyo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, kilo thelathini na zaidi, na mtu aliyeubeba miaka kumi hakuhitaji mshale wala simba ili kufupishiwa umri.

Sasa tuingie huko juu. Nchi ilikuwa na mabwana wawili waliogombana. Usangu ulikuwa wa akina Merere, na mji wao ukiitwa Utengule popote walipouhamishia. Uhehe uliinuka chini ya Munyigumba, aliyekufa mwaka 1879, kisha chini ya mwanawe Mkwawa. Wahehe walimsukuma Merere hadi Usafwa, karibu na ilipo Mbeya leo. Mwingereza Elton alimkuta amezingirwa na Wahehe mwaka 1877. Wahehe wenyewe husimulia kwamba ukoo wao wa kitawala ulianza kwa mpita njia: mwindaji Mufwimi, aliyetoka mbali, akazaa na binti wa mtwa, akaenda zake na kuuawa na nyati kabla mtoto hajazaliwa. Napenda simulizi hiyo kwa sababu yaonyesha kwamba katika nchi ile mgeni si kitu kipya.

Vita vya Mkwawa vyajulikana, sitavirefusha. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Zelewski kiliangamia Lugalo, wakiwamo na wapagazi ambao hakuna aliyewawekea jiwe lenye majina yao. Kalenga ilianguka mwezi wa Oktoba 1894. Mwaka 1896 Tom Prince akaanzisha Iringa mpya juu ya kilima, na mwaka 1898 Mkwawa akajiua badala ya kukamatwa. Hapo njia ikafunguka, na kuizunguka boma wakakaa watu wa kila namna: askari waliomaliza muda wao, wenye maduka, wapishi, waungwana wa pwani waliokuja na mizigo ya serikali wakaona hawana haja ya kurudi.

Lakini mfano ulio wazi zaidi umo bondeni, Rujewa, katika Usangu, ambako leo ni wilaya ya Mbarali. Huko wapo Wabulushi. Msomaji wa Unguja na Mombasa awajua Wabulushi kama askari wa Ngome Kongwe na wa Ngome ya Yesu, watu wa Makrani walioajiriwa na Masayyid wa Omani. Walikuwa walinzi wa misafara tangu awali. Burton na Speke walipoondoka mwaka 1857 walipewa jemadari na askari wake wa Kibulushi kutoka Unguja. Baadhi walifika Usangu nyuma ya misafara ya namna hiyo, wengine wakafuata baadaye kama wafanyabiashara, jamaa akimwita jamaa. Wakaoa, wakazaa, wakabaki. Bandari ya Gwadar, iliyo katika Makrani, iliendelea kuwa mali ya Sultani wa Omani hadi mwaka 1958, ilipouzwa kwa Pakistani. Wakati huo Rujewa palikuwa na watu waliokwisha kuwa na makaburi ya wazee wao.

Na walifanya nini walipokaa? Walilima mpunga. Mito ya Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milimani na kutandazika katika uwanda wa Usangu, na Wabulushi ndio wanaotajwa kuwa waanzilishi wa kilimo cha mpunga wa kumwagilia pale, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Walichimba mifereji, wakagawa majaruba, wakaleta maji kwa mteremko tu, bila mashine.

Naomba tusimame kidogo juu ya sahani hiyo. Njiani mtu hakula alichokipenda. Alipewa posho, kibaba cha nafaka ya nchi aliyofikia: mtama, uwele, mahindi, na kitoweo kikipatikana. Wali ulikuwa chakula cha nyumbani, cha pwani, cha Idi na cha harusi. Basi mtu aliyetembea nchi yote ile kwa mtama, alipojaaliwa kukaa, hakutafuta dhahabu wala pembe. Alitafuta maji ya kumfanya ale wali. Kwangu mimi jambo hili lasema mengi juu ya matamanio ya watu wa msafara kuliko orodha nzima ya bei za pembe. Nazi hawakuipata, mnazi haukubali baridi ile, na wali bila tui kwa mtu wa pwani ni shairi bila vina. Lakini walikula.

Iringa iko kiasi cha mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, Mbeya ni juu zaidi, na miezi ya Juni na Julai baridi huingia hadi kwenye mifupa. Kwa hivyo starehe za huko zina sura yake. Pwani tunalikimbia jua. Kule asubuhi hufuatwa, mtu akahamisha kigoda chake kadiri kivuli cha nyumba kinavyosogea. Jioni ni kuota moto. Uhehe una ulanzi, pombe ya mianzi, inayogemwa msimu wa mvua kwa kukata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni. Ukiwa mbichi ni mtamu, ukikaa hukolea. Anayejua mgema wa mnazi atamtambua mgema wa mwanzi mara moja, isipokuwa huyu hapandi juu. Muislamu aliusogeza kando, Mnyamwezi hakuwa na sababu hiyo.

Halafu bao. Mchezo huu ulipita njia zote za misafara, na sidhani kama ni kwa bahati. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne. Mchezaji huchukua kete zake akazisambaza shimo kwa shimo, moja moja, akizunguka, na akifika penye kete huchota tena akaendelea. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, wachezaji husema amelala. Amelala! Nani aliyelileta neno hilo katika bao kama si mtu aliyezoea kuhesabu njia kwa malalo? Ni dhana yangu, nami naishikilia. Wazee wawili juani, kila mmoja akisafiri na kulala mara ishirini kabla ya adhuhuri, bila kunyanyuka.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba wote waliokuwa katika msafara walikuwa na hiari ya kuingia na ya kutoka. Sivyo, na wapenzi wa ushairi wa pwani, mimi nikiwamo, tumekuwa wepesi mno wa kuusahau mnyororo tunapoisifu safari. Njia ile ile aliyopita mwungwana na bunduki yake begani alipita mtoto na kongwa shingoni. Naye pia alizeeka, kama alijaaliwa, na mara nyingine alizeekea papo hapo nyandani.

Kwa hao, ajabu ni kwamba tuna maneno yao, tena ya wanawake. Wamoraviani waliingia Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1895 Utengule ya Usafwa. Mmoja wao, Elise Kootz-Kretschmer, alikaa akisikiliza, akaandika visa vya maisha vya watu waliokusanyika kuzunguka vituo vya misheni. Wamo Narwimba na Chisi, wanawake waliopita mikononi mwa watu wengi katika zile pande za mpakani kati ya Nyasa na Tanganyika. Chisi alitekwa akiwa mtoto mdogo. Marcia Wright alivitoa visa hivyo kwa Kiingereza katika kitabu cha mwaka 1993. Kwa Kiswahili, lugha ya njia walizopitishwa, ningependa mtu avifanyie kazi. Mimi nimeanza na sijafika mbali.

Katika visa hivyo -ka- ni nzito kuliko kwa Velten. Akachukuliwa, akatolewa, akalipwa kwa deni la mtu mwingine, akakimbia. Kisha, mwishoni, wapo mahali, wana watoto au wajukuu, na yupo mtu anayewauliza: ilikuwaje? Kwa mwanamke aliyewahi kubadilishwa kama nguo, starehe ya kwanza ya uzee ni kulala usiku akijua ataamkia pale pale. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922. Mtu aliyetekwa mtoto katika miaka ya 1870 alikuwa ameshafika kwenye hamsini.

Upagazi wenyewe ulichelewa kufa huko juu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikawapumzisha watu wa Tabora. Kusini hakukuwa na reli. Vita vikuu vya kwanza vikawarudisha watu chini ya mizigo, wale walioitwa tenga-tenga upande wa Nyasa na Rhodesia, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Mbeya mji ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa dhahabu ya Lupa, ukakuta lori limeshaanza kazi. TAZARA ilizinduliwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Makambako na Mbeya, nchi za Wabena, Wasangu na Wasafwa.

Mpunga wa Usangu nao haukubaki wa wazee. Katika miaka ya 1970 lilifunguliwa shamba kubwa la serikali Mbarali kwa msaada wa Wachina, mifereji ikaongezeka, watu na ng'ombe wakaja kutoka mbali. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na lawama zimegawanywa baina ya wakulima, wafugaji na mabwawa ya umeme. Bonde la Ihefu liliingizwa katika hifadhi mwaka 2008, na baadhi ya vijiji vya Mbarali vikajikuta ndani ya mpaka, watu wake wakiulizwa kwa haki gani wamekaa.

Mchele wenyewe hushuka. Hupakiwa magunia Rujewa, Chimala na Igurusi, huteremka Kitonga kuelekea Dar es Salaam, na wa kwetu huvushwa bahari. Muuzaji hutangaza kuwa ni mchele wa Mbeya, mnunuzi huchota kiganjani akaunusa, na jikoni hutiwa tui.