Albamu za roki zilizopuuzwa: chema hakikujiuza

Sisi Waswahili tuna msemo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa samaki na maembe msemo huu haukosei sana. Kwa muziki unakosea kila siku. Zipo albamu nzuri ajabu zilizokaa madukani hadi zikarudishwa ghalani, na zipo nyingine ambazo hazikufika madukani kabisa.

Mimi ni mpenzi wa muziki wa roki tangu enzi za kanda. Barazani petu tuko wachache wenye maradhi haya, na mchezo wetu ni mmoja: kila mtu alete albamu ambayo wenzake hawajaisikia, aeleze kwa nini anaipenda na kwa nini dunia iliipita. Hapa nawaorodheshea tano, kwa faida ya kijana anayetaka kuanza na mzee anayetaka kujua watoto wanasikiliza nini.

Kwanza, albamu hufaje? Sababu zake si nyingi. Kampuni hufungwa na santuri zikapotelea humo. Bendi huvunjika kabla albamu haijatoka, basi hakuna wa kupanda jukwaani kuitangaza. Mwanamuziki hukataa sharti la kampuni. Au uchumi wa nchi huporomoka, na watu wakakosa hata pesa za kununua sindano ya gramafoni. Katika hizo zote, ubaya wa muziki haumo.

1. Rodriguez, "Cold Fact" (1970)

Sixto Rodriguez alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Mexico, mzaliwa wa Detroit, Marekani. Aliimba kuhusu mitaa ya maskini kwa sauti tulivu na gitaa lisilo na mbwembwe. Marekani hawakuinunua. Akatoa ya pili mwaka 1971, nayo ikaanguka, na kampuni yake, Sussex, ikafungwa mwaka 1975. Yeye akarudi kwenye kazi za mikono, kubomoa na kukarabati majumba.

Kumbe Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, santuri hiyo ilikuwa inapita mkono hadi mkono. Nchi ilikuwa imetengwa na dunia, habari haziingii wala hazitoki, na uvumi ukaenea kwamba Rodriguez alijiua jukwaani mbele ya watu. Mashabiki wawili, Stephen Segerman na Craig Bartholomew Strydom, wakaanza kumtafuta. Mwaka 1997 binti yake aliona tangazo lao kwenye intaneti akawajibu: baba yuko hai. Machi 1998 Rodriguez alipanda jukwaani Afrika Kusini, kumbi zimefurika. Filamu kuhusu kisa chake, "Searching for Sugar Man", ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2013. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 81.

Kisa hiki hutamu kusimulia, lakini kina uchungu ndani yake. Miaka yote ile santuri ziliuzwa, na mwenye nyimbo hakujua hata kwamba ana wasikilizaji huko.

2. Death, "...For the Whole World to See" (ilirekodiwa 1975, ikatoka 2009)

Hawa ni ndugu watatu Weusi wa Detroit: David, Bobby na Dannis Hackney. Walipiga roki ya kasi na hasira kabla neno "punk" halijawa maarufu, katika mji ambao kijana Mweusi alitarajiwa apige soul. Jina la bendi, maana yake Mauti, lilichaguliwa na David baada ya baba yao kufariki. Alitaka watu wayatazame mauti kwa jicho jingine. Mkuu wa kampuni ya muziki, Clive Davis, aliupenda muziki lakini akataka jina libadilishwe. David akakataa, na mkataba ukafia hapo. Nyimbo saba tu ndizo zilizokuwa zimerekodiwa.

Mwaka 1976 walijitolea wenyewe santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala 500, na baada ya hapo kimya. David alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Kabla ya hapo alimkabidhi Bobby kanda za studio azitunze, akimwambia siku moja dunia itakuja kuziulizia. Wakusanyaji wa santuri waliiokota ile ndogo, sifa zikaenea, na watoto wa Bobby wakaja kugundua kwamba sauti inayosifiwa ni ya baba yao. Albamu ilitoka mwaka 2009. Akiba haiozi, lakini mwekaji hakuwahi kuiona ikiliwa.

3. WITCH, "Lazy Bones!!" (1975)

Msifikiri roki ni ya Wazungu peke yao. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, iliyokuja kuitwa Zamrock: gitaa la kukwaruza juu, mapigo ya Kiafrika chini. WITCH ndio waliovuma zaidi, na mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige zaidi muziki wa nyumbani, na vijana wakaitumia nafasi.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, na nchi nzima ilitegemea shaba. Ukaja uigaji wa kanda, halafu ukaja ukimwi, uliofagia wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari aliishia kuchimba vito ili apate riziki. Albamu hizi zilipotolewa upya ng'ambo, dunia ikamgundua, akaunda bendi upya na mwaka 2023 akatoa albamu mpya, "Zango". Mkimaliza WITCH, tafuteni Amanaz, "Africa", pia ya 1975. Bendi hiyo ilitoa albamu hiyo moja tu.

4. The Zombies, "Odessey and Oracle" (1968)

Waingereza hawa walirekodi kwa bajeti ndogo katika studio za Abbey Road mwaka 1967. Hata jina la albamu lina kosa la tahajia, la mchoraji wa jalada. Ilipotoka, bendi ilikuwa imeshavunjika. Mwaka 1969 wimbo mmojawapo, "Time of the Season", ukavuma Marekani, na kwa kuwa wenyewe hawakuwepo, matapeli wakaunda bendi bandia na kuzunguka kwa jina lao. Sauti zao zimepangwa kama kwaya, tamu kwa mtu anayeogopa kelele.

5. Queen, "Queen II" (1974)

Hii haikufa, imefunikwa tu. Kila mtu wa pwani anajua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, na wageni hupiga picha Shangani. Lakini waulize ni albamu gani, watataja "Bohemian Rhapsody", wimbo wa mwaka mmoja baadaye. "Queen II" ina upande uliopewa jina la Mweupe na upande wa Mweusi, na Mweusi wote ni tungo za Freddie. Anayetaka kujua kijana wa Unguja alikuwa na nini kichwani kabla ya umaarufu mkubwa, aanzie hapo.

Funzo kwetu

Tazama kinachojirudia. Hakuna albamu hapa iliyofufuliwa na kampuni kubwa kwa hiari yake. Kila mara alikuwepo mtu mmoja aliyetunza, na mwingine aliyesema "hebu sikiliza hii".

Nasi pwani tuna zetu. Duka la Assanand la Mombasa lilitoa santuri kwa lebo ya Mzuri, na kanda za taarabu za kina Zein l'Abdin na Juma Bhalo bado zimo makabatini mwetu. Joto na unyevu wa bahari vinazila kila siku. Basi santuri zisimame wima, zisilazwe. Kanda ziwekwe mbali na jua na sumaku. Andika jina la mwimbaji, la wapigaji, na mwaka kama unaujua. Mpelekee fundi azihamishe kwenye kompyuta kabla hazijaganda. Na kabla ya kuzisambaza, mtafute mwenyewe au warithi wake, uwaombe ruhusa na uwape haki yao. Kumsifu mwanamuziki huku unauza jasho lake kimyakimya ni kumfanyia yaleyale aliyofanyiwa Rodriguez.

Chema hakijiuzi. Kinahitaji mtu wa kukitaja, na mtu huyo akitaje pamoja na mwenyewe.